Kichuguu na nyumba ya aliyerudi: historia ya kujenga kwa kujifunza kwa mchwa



Kila tunapofungua hesabu ya ujenzi katika mikutano yetu, swali moja linarudi: tujenge namna gani? Wamoja wanasema matofali ya kuchoma na mabati, basi, juu nyumba ya mtu ni hiyo. Wengine wanajibu kwamba kuni zimeisha mlimani, na chini ya bati saa saba mchana hapakaliki. Halafu kwa upande wa wafadhili yanakuja makaratasi yenye maneno mapya: kujenga kwa kufuata maumbile, nyumba inayopumua, nyumba inayojipoza yenyewe sawa kichuguu. Hapo watu wanacheka. "Sasa sisi tumekuwa mchwa?" Ndivyo mzee wetu mmoja alivyouliza.

Swali lake linafaa jibu. Habari ya kichuguu iko na historia, yenye miaka, majina na fasi zinazojulikana, na sehemu kubwa yake ilitokea hapa hapa Afrika. Ndani yake kuna jengo linalofanya kazi vizuri, na kuna kosa la wasomi lililokaa karibu miaka 40 kabla ya kusahihishwa. Anayejenga kwa pesa ya michango, iwe ya mwanachama anayeleta franka zake au ya mfadhili anayetuma kutoka ng'ambo, anapaswa kuyajua yote mawili.

NYUMBA ISIYO NA DIRISHA

Kichuguu sote tunakijua kwa nje. Mtoto wa kwetu anajua msimu wa kumbikumbi, na mama anajua ni kichuguu gani kinatoa uyoga mvua zikianza. Wale waliopita Katanga wameona vichuguu vikubwa kuzidi hivi vyetu. Kandokando ya Lubumbashi viko sawa vilima, vingine vinapita urefu wa nyumba, na wafyatua matofali wanaupenda udongo wake juu unashikana vizuri. Mwaka 2015 wachunguzi waliopima umri wa vichuguu vya kule kwa njia ya kaboni walitangaza kwamba kimoja kina zaidi ya miaka 2,000. Nyumba gani ya mtu hapa kwetu imefika umri huo?

Mchwa wa vichuguu hivyo vikubwa, ambao wasomi wanawaita Macrotermes, ni wakulima. Wanakata nyasi na vipande vya miti, wanavipeleka ndani, na juu yake wanalima kuvu. Kuvu ndiyo inayowalainishia chakula kigumu, na kuvu hiyo hiyo ndiyo inayotoa ule uyoga tunaokula. Kundi moja laweza kufika mchwa milioni moja na zaidi. Wote wanapumua, na bustani ya kuvu nayo inapumua, hata kuwazidi wao. Mchana na usiku kunatoka joto, unyevu na hewa iliyokwisha kutumika. Lakini nyumba yao haina dirisha wala mlango wa wazi. Ukitoboa tundu, saa hiyo hiyo wanakuja kuliziba.

Sasa, namna gani hawafi kwa kukosa hewa? Swali hilo ndilo lililoanzisha historia hii yote.

MSWISI NA HEWA INAYOZUNGUKA

Katika miaka ya 1950 Martin Lüscher, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, alichunguza vichuguu huko Côte d'Ivoire. Maelezo yake yalisambaa sana mwaka 1961, alipoandika katika gazeti la Marekani, Scientific American. Alisema hivi: joto la mchwa na la kuvu linafanya hewa ya ndani iwe nyepesi, nayo inapanda mpaka juu. Kutoka juu inaingia katika mifereji myembamba iliyo karibu na ukuta wa nje. Pale inabadilishana na hewa safi kupitia vitundu vidogo vidogo vya udongo, inapoa, inakuwa nzito, inashuka tena mpaka chini. Kwa Lüscher, kichuguu kilikuwa sawa mashine ya kupoza hewa inayoendeshwa na joto la wenye nyumba wenyewe, pasipo mafuta wala umeme.

Maelezo hayo yalipendeza. Yalikuwa rahisi kuchora na rahisi kufundisha. Yakaingia vitabuni, na kutoka vitabuni yakafika kwa wasanifu wa majengo.

HARARE, 1996

Mwaka 1996 wengi wetu tunaukumbuka kwa jambo lingine. Mwezi wa 10 vita ilifika Uvira. Watu walivuka ziwa na vyombo kichwani. Mwezi wa 11 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Tanzania, upande wa Kigoma, na maisha ya shitingi yakaanza. Mwaka huo huo, mbali na mateso yetu, mjini Harare katika Zimbabwe, lilifunguliwa jengo linaloitwa Eastgate.

Msanifu wake ni Mick Pearce, mzaliwa wa mji huo huo wa Harare, aliyefanya kazi pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup. Mwenye mali, kampuni ya Old Mutual, alitaka jengo kubwa la maofisi na maduka ambalo halitahitaji mitambo ya kupoza hewa. Mitambo hiyo inanunuliwa nje kwa pesa ya kigeni, inakula umeme mwingi, na ikiharibika spea zinatoka mbali. Sisi ambao tumeona jenereta ya msaada ikikaa miaka na miaka chini ya shitingi kwa kukosa kipande kimoja, hilo hatuhitaji kuelezwa. Pearce alichukua wazo la kichuguu, akaliweka mezani pamoja na wahandisi.

Eastgate ni majengo mawili ya ghorofa yaliyolala sambamba, na katikati yake uwanja mrefu wenye paa la vioo. Kuta na sakafu ni nzito, za betoni na matofali. Usiku, hewa ya nje ikiisha kupoa, feni kubwa zinaivuta na kuipitisha kwenye mifereji, mpaka chini ya sakafu. Mule chini kuna meno mengi ya betoni yanayokutana na hiyo hewa, na betoni inapoa usiku kucha. Asubuhi watu wakiingia kazini, feni ndogo zinapitisha hewa polepole juu ya ile betoni baridi. Hewa inatokea ofisini chini, karibu na miguu. Inapata joto la watu na la mashine, inapanda, inatoka kwenye mabomba 48 ya matofali yaliyosimama juu ya paa. Madirisha hayakufanywa makubwa, na vivuli vya betoni vinazuia jua lisipige ukuta moja kwa moja.

Matokeo yalionekana. Inahesabiwa kwamba kwa kutonunua mtambo wa hewa baridi mwenye jengo aliokoa kama dola milioni 3.5. Wajenzi walitangaza kwamba Eastgate inatumia nishati pungufu kwa asilimia 35 kuliko wastani wa majengo 6 ya Harare yaliyo na mtambo huo. Miaka 10 baadaye, mwaka 2006, Pearce alishiriki kujenga jengo lingine la namna hiyo huko Melbourne, Australia, linaloitwa CH2. Tangu hapo, kila mtu anayefundisha kujenga kwa kufuata maumbile anaanza na Harare: hili ndilo jengo lililojengwa sawa kichuguu.

KOSA LILILOONEKANA NAMIBIA

Kumbe kichuguu chenyewe hakifanyi kazi hivyo.

Mmarekani J. Scott Turner alikwenda kukaa na vichuguu vya Namibia, akivipima. Alifuatisha joto kwa miezi, alifuatisha gesi, na baadaye pamoja na mhandisi Rupert Soar walimimina plasta ndani ya vichuguu ili mifereji yote ionekane ilivyo. Mwaka 2001 Turner alitoa matokeo ya kwanza. Mwaka 2008 wawili hao waliandika wazi kabisa juu ya Eastgate na makosa ya maelezo ya zamani.

Walikuta nini? Kwanza, joto la kiota cha mchwa linafuata joto la udongo unaokizunguka. Udongo ukipoa wakati wa baridi, na kiota kinapoa. Udongo ukipata joto, na kiota kinapata. Kinachozuia joto lisipande na kushuka ghafla ni ardhi yenyewe, juu kiota kimezama ndani yake. Ule mnara wa juu haupozi kitu. Pili, kazi ya mnara ni kupumua. Upepo unaoupiga kutoka nje unasukuma hewa na kuivuta, kidogo kidogo, kwa mawimbi. Hewa haizunguki sawa maji ndani ya bomba. Inaingia na kutoka, sawa kifua cha mtu aliyelala.

Mwaka 2015 wachunguzi wengine, Hunter King, Samuel Ocko na L. Mahadevan, walitangaza habari za mchwa wa aina nyingine huko India. Kule kuta nyembamba za pembeni zinapata joto la jua mbele ya sehemu ya katikati. Mchana hewa inapanda pembeni na kushuka katikati. Usiku inageuza njia. Basi, mchwa wengine, fasi nyingine, namna nyingine ya kupumua. Wadudu wenyewe hawana ramani moja ya kujengea dunia nzima.

Hapa msomaji atauliza: kama maelezo yalikuwa na kosa, sasa Eastgate inafanyaje kazi?

Inafanya kazi juu ya Harare. Mji ule uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mchana jua linachoma, lakini usiku kunapoa sana, na wahandisi waliihesabu tofauti hiyo kabla ya kumwaga betoni. Kichuguu kiliwapa wazo. Nguvu waliipata kwa usiku wa Harare, kwa uzito wa betoni, na kwa feni za umeme. Wangeiga umbo la kichuguu peke yake pasipo kupima hewa ya mji wao, leo jengo lingekuwa na mabomba 48 ya mapambo na watu wanaotoka jasho chini yake.

JENGO LILE LILE KANDO YA ZIWA LETU

Tulete sasa habari hiyo nyumbani. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita kama 770 tu juu ya bahari. Kutoka Uvira mpaka Baraka, usiku hautupatii ile baridi ya Harare. Ukuta mzito uliokula jua kutwa nzima unalitoa joto lake usiku, saa ile watoto wanataka kulala. Ukijenga Eastgate ndogo pale ufukweni, umejenga tanuru. Lakini panda Hauts Plateaux: usiku baridi inauma, na ukuta mnene wa udongo unaohifadhi joto la mchana ni baraka. Mkoa ni mmoja, nyumba haziwezi kuwa moja.

Wazee wetu walilijua hilo pasipo kuliandika. Angalieni baraza, ile nyumba ya mikutano: nguzo, paa la nyasi lililoshuka chini sana, pande zote wazi. Hakuna ukuta wa kutunza joto. Nyasi haziruhusu jua kupita. Upepo wa ziwa unaingia upande huu na kutokea ule. Ndiyo sababu bazee banaweza kukata maneno pale tangu asubuhi mpaka mangaribi na hakuna anayekimbilia mtini. Kwa namna ya kazi yake, baraza inakaribia kile Turner alichokiona Namibia kuliko inavyokaribia Eastgate: inapumua kwa upepo.

Mbona tuliiacha akili hiyo? Sehemu moja ni historia ya serikali ya Wabelgiji. Vijiji viliondolewa vilipokuwa, vikapangwa kandokando ya barabara ili watu wahesabike na walipishwe kodi. Nyumba ya matofali yenye pembe nne ikawa alama ya mtu aliyeendelea, na nyumba ya udongo na nyasi ikawa alama ya mtu aliyebaki nyuma. Baada ya uhuru alama hizo zilibaki kichwani mwetu.

Sehemu nyingine ni vita. Paa la nyasi linawaka kwa kiberiti kimoja, na sisi tumeona vijiji vizima vikiungua. Mtu aliyeona hivyo akitaka bati, asiambiwe kwamba anapenda fahari. Bati haliungui kwa kiberiti, halioti ukungu, halidai nyasi mpya kila baada ya miaka michache, nyasi ambazo sasa ni za kutafuta mbali. Tangu mwaka 2005, meli za HCR zilipoanza kutushusha Baraka kutoka Kigoma, kila familia iliyorudi ilikuwa na ndoto ya bati. Ndoto hiyo ina haki yake. Basi tutafute namna ya kukaa chini ya bati pasipo kupikwa.

KIJANA WA GANDO

Jibu moja lilipatikana Burkina Faso, na lililitoa mtu anayefanana sana na sisi. Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando. Mtoto mdogo alitumwa mbali kwenda shule, juu kijijini haikuwepo. Alijifunza useremala, akaenda Ujerumani mwaka 1985, halafu akasoma usanifu wa majengo Berlin. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, yeye na rafiki zake waliunda chama cha kuchanga pesa, Schulbausteine für Gando, maana yake matofali ya shule kwa ajili ya Gando. Watu wa mbali wakichangia, watu wa kijiji wakijenga: wanachama na wafadhili, sawa sisi.

Aliporudi na mpango wake, watu wa kijiji walishangaa. Walitegemea mtu aliyetoka Ujerumani alete betoni na vioo, yeye analeta udongo! Walijua nyumba ya udongo inavyoyeyuka mvua ikipiga. Kéré hakuwalazimisha kwa maneno. Aliwaonyesha kwa kujenga na kujaribu mbele ya macho yao. Udongo ulichanganywa na simenti kidogo na kukandamizwa kwa mashine ya mkono, tofali likawa gumu pasipo kuchomwa. Mashine ya namna hiyo si siri; moja iliyo maarufu, CINVA-Ram, ilibuniwa Colombia miaka ya 1950 kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida.

Lakini akili kubwa ya shule ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, iko juu. Kéré alitumia bati, lile lile tunalolipenda. Tofauti ni kwamba hakulilaza juu ya vichwa vya watoto. Alitengeneza kwanza dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa. Juu yake akainua bati kwa vyuma vyembamba, vile vya kutia ndani ya betoni, vilivyounganishwa palepale na mafundi. Bati likatoka nje ya ukuta sana ili litoe kivuli na lizuie mvua isipige tofali. Jua linachoma bati; hewa iliyo chini ya bati inapata joto, inakimbia; nyuma yake hewa ya darasani inavutwa kupitia dari, na hewa baridi zaidi inaingia madirishani. Joto la bati, lile adui yetu, ndilo linalofanya kazi ya feni.

Kazi ile ilipata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ndiyo ya juu kabisa. Na mwaka 2021 alikuwa amemaliza jengo lingine, karibu zaidi nasi: chuo cha kufundishia vijana kazi za kompyuta kandokando ya Ziwa Turkana, Kenya, fasi ya joto kali na vumbi. Pale alisimamisha minara mirefu, akifuata vichuguu vinavyoonekana kila upande wa nchi ile. Hewa ya joto inapanda na kutokea juu ya minara, hewa safi inaingia kwenye matundu ya chini. Vichuguu vimerudi tena, lakini kwa kazi ya kutoa hewa chafu na joto, kando ya ziwa, katika nchi ya joto. Hii iko karibu na hali yetu kuliko Harare.

MAMBO YA KUKUBALIANA KABLA YA TOFALI LA KWANZA

Kutokana na historia hii, mimi naona mambo yafuatayo yanafaa kuzungumzwa katika mkutano mkuu, wafadhili nao wakiwepo.

La kwanza, tupime kabla ya kuchora. Tuweke kipimajoto ndani ya nyumba ya matofali na bati, kingine ndani ya baraza, kingine nje chini ya mti. Tuandike joto asubuhi, saa saba mchana na saa tatu usiku, kwa mwezi mzima wa kiangazi na mwezi mzima wa mvua. Kazi hiyo kijana wa shule anaiweza kwa daftari moja. Kosa la Lüscher lilikaa karibu miaka 40 juu ya watu kupenda mchoro kuliko kipimo.

La pili, tutazame upepo. Fundi asiweke madirisha kwa kufuata barabara tu. Ufukweni dirisha likiwa upande wa ziwa na lingine likiwa upande wa mlima, hewa inapita. Dirisha moja peke yake halivuti kitu.

La tatu, bati lisilale juu ya kichwa. Si kila familia itaweza paa la Gando, juu vyuma na bati la ziada ni pesa. Lakini dari ya matete au ya mikeka, yenye nafasi ya wazi kati yake na bati, na matundu ya kutolea joto pande mbili za juu, hiyo inawezekana kwa mikono yetu. Na bati litoke nje ya ukuta kiasi cha mkono mzima.

La nne, tofali. Kila tanuru la matofali ya kuchoma linakula miti, na mlima usio na miti unatulipa kwa maji. Hatujasahau usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa 4, mwaka 2020, Mulongwe na mito mingine ilipofurika Uvira na kubeba watu na nyumba. Tofali la kukandamizwa, lenye simenti kati ya sehemu 5 na 10 katika 100, linapunguza kuni. Lakini tuseme ukweli wote: ukuta wa udongo pasipo msingi wa mawe hauvumilii maji. Fasi ya mafuriko hakuna tofali linalotosha. Pale dawa ni kuhama parseli. Na kule Hauts Plateaux ukuta uwe mnene, madirisha madogo, mambo yawe kinyume na ya ufukweni.

La tano, kwa ndugu wafadhili. Mkituletea mchoro wa nyumba nzuri iliyofanikiwa fasi nyingine, tunashukuru. Tunaomba mtuletee pia mambo mawili: vipimo vya joto vya kule ilikojengwa, na pesa kidogo ya kujenga nyumba moja ya majaribio hapa, familia ikae ndani mwaka mmoja, halafu ndipo tujenge 50. Nyumba ya majaribio inaonekana kama kuchelewesha kazi. Lakini mjane aliyengoja nyumba miaka 10 tangu ashuke kwenye meli hapati nyumba ya pili tukikosea ya kwanza.

Na kwa wanachama: tusione aibu ya udongo, tusione aibu ya bati. Mchwa wa Namibia wanajenga kwa upepo wa Namibia, wa India wanajenga kwa jua la India. Wote wanatumia udongo walioukuta chini ya miguu yao, na wanarekebisha nyumba kila siku, kila anayepita akiongeza punje yake. Kazi ya kupima joto inaweza kuanza wiki ijayo. Wenye kutaka kuisaidia wajiandikishe kwa katibu, na atakayekuwa na kipimajoto nyumbani akilete.

Umoja uendelee.